Kitako cha Gorogoro

Mnunuzi aliyelelewa katika soko la Kakamega haulizi bei ya mahindi kabla hajaishika gorogoro. Huigeuza juu chini, hutazama kitako, kisha hutia ngumi ndani kama anayepima joto la maji ya kuogea mtoto. Akikuta kitako kimebonyezwa kuelekea ndani, huirudisha mahali pake bila neno na kuhamia kwa mama wa pili. Mkebe huu, ambao zamani ulikuja na mafuta ya kupikia, ndio kilo mbili za Magharibi nzima ya Kenya: mahindi, maharagwe, njugu, hata omena. Ukigongwa nyundo mara moja chini, kila mnunuzi anaacha konzi sokoni bila kujua, na konzi za msimu mzima ni magunia.

Nimeanza na mkebe kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia inaanzia hapo hapo kitakoni. Watu wengi wakisikia kwamba dini ya Kiyahudi inahimiza uadilifu hufikiria sala, kufunga, na kofia ndogo kichwani. Walimu wake walianza kwingine. Walianza na kipimo, wakaendelea na neno la mtu aliyekubaliana bei. Mafundisho hayo yalifika jirani na kwetu mwanzoni mwa karne iliyopita, ng'ambo ya Mlima Elgon, na hayakuletwa na mmisionari yeyote. Yaliingia kupitia jemadari Mwafrika aliyeona kwamba amepimiwa kwa gorogoro iliyobonyea.

Mawe mfukoni

Kabla ya sarafu, fedha ilipimwa kwa mizani, na mfanyabiashara alitembea na mfuko wa mawe ya kupimia. Mjanja alikuwa na mawe ya aina mbili yaliyofanana kwa sura: zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyafukua mengi katika nchi ya Yuda ya karne ya 8 na ya 7 KK. Ni mawe madogo ya chokaa, mviringo juu na bapa chini, yenye alama ya shekeli, na shekeli moja ilikuwa na uzito wa karibu gramu 11. Torati inayakataza mawe mawili katika vitabu viwili tofauti, Walawi na Kumbukumbu la Torati, na katika Walawi katazo hilo linafungamanishwa na kutoka Misri, kana kwamba aliyekombolewa utumwani hana ruhusa ya kumpunja mwenzake nusu kibaba. Nabii Amosi, naye wa karne ya 8 KK, aliwakemea wachuuzi wa nafaka waliokuwa wakihesabu saa hadi Sabato iishe ili wafungue tena vibanda vyao vya udanganyifu. Sabato waliishika, lakini kwa Amosi hilo halikuwasaidia kitu.

Hekalu la Yerusalemu lilipochomwa na Warumi mwaka 70, hakukubaki madhabahu. Kilichobaki ni masomo, meza ya nyumbani na soko. Walimu waliokusanya Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo, karibu mwaka 200 waliingia sokoni kwa uangalifu wa mkaguzi wa vipimo. Mwenye duka, walisema, asafishe vyombo vyake vya kupimia mara mbili kwa juma, afute mawe mara moja kwa juma, na sahani ya mizani kila anapomaliza kupima, maana mafuta na asali huganda, na uchafu ulioganda ndani ya kipimo ni mali ya mnunuzi. Talmudi ya Babeli, mjadala mrefu juu ya Mishna uliokamilika karne chache baadaye, ilizidisha: kipimo kilichopungua hakiruhusiwi hata kukaa nyumbani, hata kama kinatumika usiku kama chombo cha kukojolea. Mgeni anaweza kukiokota gizani akapimia. Anayecheka hapa hajawahi kuuziwa njugu.

Katika Talmudi hiyo hiyo yamo maswali anayoulizwa mtu siku ya hukumu, na la kwanza linahusu biashara: je, ulinunua na kuuza kwa uaminifu? Habari za kusoma Torati zinafuata. Nadhani mpangilio huo ulikusudiwa. Neno lao la Kiebrania *tamim* humaanisha kitu kizima kisicho na ufa. Hutumiwa kwa mnyama wa sadaka asiye na kilema, na pia kwa mtu ambaye ndani yake na nje yake ni kitu kimoja. Ni ule uzima wa chungu: unakigonga kwa kidole na unasikiliza mlio.

Kisa cha Rav Safra wa Babeli kinaonyesha jinsi mlio huo ulivyotegewa sikio. Alikuwa na kitu cha kuuza, na mnunuzi akaja akamkuta katikati ya sala ya asubuhi. Mnunuzi akataja bei. Safra hakuweza kukatiza sala, akanyamaza. Mnunuzi akadhani bei imekataliwa, akapandisha. Akapandisha tena. Sala ilipokwisha, Safra akampa kile kitu kwa bei ile ya kwanza, kwa sababu alikuwa ameikubali moyoni na moyo wake ulikuwa shahidi. Hakuna mahakama ya dunia ambayo ingemlaumu kwa kuchukua bei ya tatu.

Barua za Aden

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sehemu ya historia hii inapita baharini kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanazuoni Solomon Schechter alihamisha kutoka sinagogi la Ben Ezra, Fustat, mji wa kale ulio leo ndani ya Kairo, shehena ya karatasi kuukuu zilizokuwa zimerundikwa kwa mamia ya miaka. Miongoni mwake zilikuwemo barua za wafanyabiashara wa Kiyahudi wa karne ya 11 na ya 12 waliokuwa wakivuka Bahari ya Hindi. Abraham Ben Yiju, mzaliwa wa Mahdia nchini Tunisia, aliishi pwani ya Malabar tangu karibu 1132 hadi 1149, akituma pilipili, iliki na chuma kwa Madmun ben Hasan wa Aden, bandari ile ile iliyopokea majahazi ya pwani ya Zanji.

Kilichoendesha biashara hiyo ni karatasi na imani. Mtu wa Aden alipokea mzigo wa mwenzake asiyeonekana, akauuza kwa bei ya siku hiyo, akaandika hesabu, na kutuma faida kwa msimu wa upepo uliofuata. Mzigo ukiharibika, iliandikwa. Pasi na polisi wa kumfuata mdanganyifu ng'ambo ya bahari, jina lililochafuka lilikuwa hasara kubwa kuliko mzigo uliozama. Moshe ben Maimoni, mwanasheria na tabibu mkuu wa Kairo, ndugu yake David alizama katika bahari hiyo karibu 1170 akiwa na fedha za familia na fedha za watu wengine. Moshe aliugua kwa majonzi muda mrefu, na katika kitabu chake kikuu cha sheria akaziweka sheria za mizani ndani ya mlango wa wizi. Kwake anayepunguza kipimo ni mwizi tu, hata akiwa amevaa kanzu.

Nitaruka karne nyingi hadi Lithuania ya miaka ya 1800, ambako rabi Israel Salanter alianzisha mwamko wa kuwafundisha Wayahudi kwamba kuchuja mdudu kwenye chakula bila kuchuja uongo mdomoni ni nusu ya dini. Kutoka Lithuania hiyo walitoka baadhi ya Wayahudi wa mwanzo waliofika Nairobi. Mmoja alikuwa Abraham Block, aliyekuja 1903 kupitia Afrika Kusini baada ya kusikia kwamba Waingereza wanawagawia Wayahudi nchi. Nchi yenyewe ilikuwa juu ya Kakamega, mwendo wa siku chache kwa miguu.

1899–1905: ahadi mbili na risasi moja

Mwisho wa karne ya 19, Kakamega haikuwa makao makuu ya kitu chochote. Mji uliojulikana ulikuwa kwa Nabongo Mumia wa Wanga, kituo cha misafara kati ya Mombasa na Buganda, na hadi 1902 eneo lote hadi Naivasha lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mashariki mwake ni ukingo wa Nandi na uwanda wa Uasin Gishu. Magharibi, upande wa pili wa Elgon, ni nchi ya Wagisu.

Huko Elgon aliingia Semei Kakungulu, mzaliwa wa Kooki, jemadari wa Buganda na Mprotestanti msomaji wa Biblia. Mwaka 1899 yeye na watu wake waliwakamata Kabarega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, wafalme wawili waliokuwa wamewasumbua Waingereza miaka mingi. Kwa kazi hiyo, na kwa kuiteka Bukedi, mashariki mwa Uganda, alielewa kwamba angetawazwa mfalme wa nchi atakazozishinda. Akajenga ngome, akafyeka barabara, akapanda miti kandokando. Mwaka 1902 Waingereza wakamwondoa katika ngome yake ya Budaka, wakampa maili mraba 20 pale Mbale. Ufalme ukawa shamba.

Nisimpambe kupita kiasi. Kakungulu alipita katika nchi ya Wagisu na majirani zao kwa mkuki na bunduki, akatwaa ng'ombe na ardhi ambavyo wenyewe hawakumpa. Waliopimiwa kwa jiwe lake zito wana masimulizi yao, na si ya kumsifu. Lakini ni kweli pia kwamba yeye naye alipimiwa.

Wakati huo huo, ofisi za London zilikuwa zikiandaa ahadi nyingine. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alipita Afrika Mashariki mwishoni mwa 1902 na kuona nyanda za baridi alizodhani ni tupu. Mwezi Aprili 1903 Wayahudi 49 waliuawa katika ghasia za Chisinau, ndani ya Urusi ya wakati ule. Agosti serikali ya Uingereza iliwaandikia Wazayuni, waliowatafutia Wayahudi nchi yao, ikiwa tayari kuwapa eneo Afrika Mashariki, na mwezi huo huo, mjini Basel, kiongozi wao Theodor Herzl aliliweka pendekezo hilo mbele ya mkutano wao mkuu. Kura 295 ziliunga mkono kutuma tume ya uchunguzi, 178 zilipinga. Wajumbe wa Urusi, ambao watu wao ndio waliokuwa wakiuawa, walitoka ukumbini wengine wakilia. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa Uasin Gishu ilikuwa imekwisha kuhamishiwa Kenya ya leo mwaka uliotangulia.

Tume ya watu watatu, Meja Gibbons, Alfred Kaiser na Nahum Wilbusch, ilifika uwandani mwanzoni mwa 1905. Watatu hao hawakukubaliana. Wilbusch aliona nchi isiyofaa kabisa. Mkutano wa saba ukaikataa zawadi mwaka huo huo. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: umbali, upinzani wa walowezi wakiongozwa na Lord Delamere, na zaidi ya yote mapenzi ya Yerusalemu. Swali ambalo mfanyabiashara wa Aden angeliuliza kwanza, yaani mwenye mali ni nani, halikupewa nafasi kubwa. Wamasai wa Uasin Gishu walikuwa wametawanywa na vita vya karne ya 19, Wanandi walichunga humo, na hakuna aliyewauliza.

Wanandi walijibiwa kwa namna nyingine. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wao aliyekuwa ameipinga reli kwa miaka kadhaa, alialikwa kwenye mazungumzo ya amani, na Kapteni Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Mwanajeshi huyo baadaye akawa mmoja wa Waingereza waliotetea Uzayuni kwa ari kubwa, na pia mkusanyaji mashuhuri wa ndege. Miaka mingi baada ya kifo chake wataalamu waligundua kwamba ndege wengi katika mkusanyiko wake walikuwa wameibwa katika majumba ya makumbusho na kubandikwa vibandiko vya uongo, mahali na tarehe. Hivyo hata ndege wa mtu huyu hawakusema kweli.

Wayahudi wachache waliokuja bila kungoja mkutano walibaki. Block alianza maisha kwa kazi ndogondogo, miongoni mwake kutengeneza magodoro ya kujaza nyasi, kabla ya kununua hoteli ya Norfolk mwaka 1927. Nairobi ikapata sinagogi. Lakini hao walikuwa jumuiya ya wahamiaji, na dini yao haikutafuta wafuasi.

1919: siku ya kisu

Kakungulu aliwatumikia Waingereza miaka mingine, akawa rais wa baraza la Busoga 1906 hadi 1913, kisha akarudi Mbale akiwa mtu aliyechoka na mabwana zake. Alijiunga na Wamalaki, waumini waliokataa dawa za kizungu na kuishika Sabato. Akajifungia na Biblia ya Kiluganda. Akasoma vitabu vitano vya Musa kama anavyosoma mtu aliyeonyeshwa mkataba uliovunjwa: neno kwa neno, akitafuta saini.

Alipofika kwenye tohara, aliuliza kwa nini hawaifanyi. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi, akawajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Kwa Waganda lilikuwa jambo la ajabu. Kwa Wagisu lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Wao, kama Wabukusu wa upande wetu, hutahiri vijana miaka isiyo witiri, kwa ngoma na unga wa kupaka mwilini, na asiyetahiriwa hahesabiwi mtu mzima. Nafikiri hapo ndipo dini ngeni ilipata mlango ambao haikuhitaji kuubomoa.

Mwaka 1920 alifika mtu aliyejulikana kwao kwa jina la Yosef, Myahudi kutoka ng'ambo, akakaa kama miezi sita. Aliwafundisha kalenda, uchinjaji na baraka za chakula. Mwaka 1922 Kakungulu alichapa kitabu cha kurasa 90 cha kanuni na sala kwa Kiluganda. Wafuasi wakajiita Abayudaya, watu wa Yuda. Hawakuahidiwa shule wala zahanati, ambavyo wakati ule ndivyo vilivyowavuta wengi katika dini za misheni. Kinyume chake, mtoto wa Myudaya aliyetaka kusoma alishinikizwa abatizwe. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928, Mbale. Jumuiya ikagawanyika: baadhi walishika Sabato huku wakimshika Yesu pia, wengine wakabaki na Torati pekee, wachache na maskini.

1930–1932: «milele» ya Kakamega

Miaka miwili baadaye, somo la kipimo lilifika Kakamega penyewe, ingawa hakuna aliyeliita la Kiyahudi. Mwaka 1930 serikali ya koloni ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Maeneo yaliyotengewa Waafrika yangekuwa yao milele. Kama sehemu ingehitajika kwa kazi ya umma, wangepewa ardhi nyingine yenye thamani sawa, na baraza lao lingeulizwa kwanza. Wazee wa Kavirondo Kaskazini, jina la wilaya ya Kakamega wakati huo, walisomewa hayo. Neno milele lilitafsiriwa vizuri, maana ni rahisi kutafsiri.

Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu mtoni karibu na Kakamega. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewamaliza walowezi, na mamia yao wakamiminika na karai na mahema. Waliweka vigingi katikati ya migomba, wakachimba mitaro kando ya makaburi. Wenye mashamba waliamka na kukuta nambari za mtu mwingine zimepigwa rangi kwenye mti wao. Desemba 1932, chini ya Gavana Joseph Byrne, sheria ikarekebishwa kwa haraka: ardhi ingeweza kuchukuliwa kwa madini, fidia ingekuwa fedha badala ya ardhi, na baraza halikuwa lazima kuulizwa. Milele ilikuwa imedumu miaka miwili. Arkidikoni Walter Owen wa Kavirondo alipiga kelele hadi magazeti ya London, na wazee walisema kwa ufupi kwamba fedha haizai mtama.

Kila hatua ilikuwa halali. Ilipita barazani, ikatiwa saini, ikachapwa katika gazeti la serikali. Mishna ina kifungu kinachofaa kabisa hapa: mtu akishalipwa lakini bidhaa haijahamishwa, sheria inamruhusu kujitoa, na mahakama haimlazimishi. Lakini kabla hajaondoka mahakama inamsomea laana, kwamba aliyewaadhibu watu wa gharika atamwadhibu asiyesimama katika neno lake. Yaani kuna mahali ambapo sheria imekwisha na neno bado halijaisha. Machimbo ya dhahabu ya Rosterman, karibu na Kakamega, yalifungwa miongo kadhaa iliyopita. Hadi leo vijana wa Ikolomani hushuka mashimoni kwa kamba, na dhahabu yao hupimwa kwenye mizani ndogo iliyoshikwa na mnunuzi.

1971–1979: Sabato chini ya migomba

Abayudaya waliishi kimya miaka mingi. Mwaka 1962 Arye Oded, kijana Mwisraeli aliyekuwa Makerere, aliwatembelea na kuuandikia ulimwengu habari zao. Kisha akaja Idi Amin. Mwaka 1972 alifukuza Waisraeli, akapiga marufuku dini ya Kiyahudi, masinagogi yakafungwa au kuporwa. Wengi wakawa Waislamu au Wakristo, na kutoka maelfu wakabaki mamia tu.

Ni vigumu kumhukumu mtu aliyebadili jina kwa kuogopa bunduki, na mimi simhukumu. Waliobaki walisali faraghani na migombani, wakiimba zaburi za Kiluganda kwa sauti ya chini, kwa saa moja ambayo haikuwaletea mkate wala cheo. Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi. Hadithi za kutoka Misri kwao zina sura ya mtu wanayemfahamu.

Mizani ya kahawa

Vijana ndio waliofufua jumuiya miaka ya 1980. Kati yao walikuwa Gershom Sizomu na ndugu yake J. J. Keki, mwanamuziki na mkulima. Mwaka 2002 jopo la marabi kutoka Marekani na Israeli liliwathibitisha mamia yao kuwa Wayahudi. Wazee waliokuwa wameishika Sabato tangu utotoni waliingia majini, kama ibada ya uthibitisho inavyotaka, pamoja na wajukuu, wengine wakieleza kwamba wanathibitisha tu jambo lililokuwapo. Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akahitimu 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, katika jimbo ambalo wapiga kura wake wengi ni Wakristo na Waislamu.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Keki. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, karibu na minara iliyoanguka, akaona kwa macho yake watu wakiua kwa jina la Mungu. Alirudi kwenye kilima chake cha Nabugoye, mahali ambapo Myahudi, Mkristo na Mwislamu hupakana mashamba na wote hulima kahawa ya arabika. Na wote walikuwa na adui mmoja: mchuuzi anayekuja nyumbani msimu wa njaa, anayenunua kahawa ingali mtini, anayekuja na mizani yake mwenyewe.

Keki alienda nyumba kwa nyumba. Mwaka 2004 kikaundwa chama cha ushirika cha Mirembe Kawomera, amani tamu. Uongozi uligawanywa kwa makusudi kati ya dini tatu, na kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California ikakubali kununua kwa bei ya biashara ya haki. Mambo yakawa ya kawaida kabisa: kikao, daftari, mizani iliyowekwa mahali pa wazi ambapo mkulima anausoma mshale mwenyewe. Mwislamu anaweza kuangalia kahawa ya Myahudi ikipimwa, na Myahudi ya Mkristo. Ukiniuliza, Mishna ya soko ilifika Elgon siku hiyo zaidi kuliko siku ya tohara.

Muhuri wa uwanja wa ndege

Mafundisho yalivuka pia mpaka. Katika Nyandarua, karibu na Ol Kalou, lilikuwako kanisa dogo ambalo waumini wake walisoma, wakauliza, wakaacha walichokuwa wakiamini na kuingia Uyahudi, wakijifunza kwa Abayudaya. Mahali hapo panaitwa Kasuku.

Desemba 2017 mmoja wa vijana wa Kasuku alipanda ndege kwenda kusoma Yerusalemu. Viza alikuwa nayo, imetolewa na serikali ya Israeli, imegongwa muhuri. Uwanjani Tel Aviv alizuiwa, akalala kizuizini usiku mmoja, akarudishwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ilikataa pia kuwahesabu Abayudaya kuwa Wayahudi wenye haki ya kuhamia, ingawa shirika kuu la Wayahudi lilikuwa limewatambua 2016. Mabishano hayo yalifika mahakamani na katika magazeti, na kila upande ulikuwa na vifungu vyake.

Kule Mbale, watu waliohusika nayo wanaendelea na msimu. Kahawa nyekundu huvunwa kwa mkono, hubebwa katika ndoo hadi kituoni, na kabla ya ndoo ya kwanza kupanda juu, mpimaji huifuta sahani ya mizani kwa kitambaa. Mara nyingine kitambaa ni kichafu kuliko sahani. Mkulima wa kwanza kwenye foleni humwambia aifute tena.